Namna ya Kumwambia Mama

Katika kambi niliyokaa miaka mingi kuliko zote, wanawake walikuwa wakifunga mapazia wakiona Landrova yangu inakata kona kuingia kwenye nyumba za askari. Sikuwalaumu. Mara nyingi nilikuwa na faili moja tu mapajani, na ndani ya faili hiyo mlikuwa na jina la mume wa mmoja wao. Kila mmoja aliomba nipite mlango wake. Gari liliposimama, mapazia ya nyumba nyingine zote yalifunguka kidogo.

Nawaandikia ninyi mnaoshika kazi ya amani hapa Isiolo baada yangu. Wiki mbili zilizopita mlinichinjia mbuzi, mkanipa saa ya ukutani. Sijui ni nani aliyeamua kwamba anayestaafu apewe saa, wakati ndipo ameacha kuihitaji. Kisha Saadia, ambaye sasa anakalia kiti changu, akaniambia, "Mama Meja, usiende na hayo mambo yote kwa kichwa. Tuandikie." Basi nimeketi kuandika. Vyeo sitaviandika, wala mishahara. Nitaandika juu ya kazi moja ambayo niliifanya jeshini na nikaja kuifanya tena uraiani: kwenda nyumbani kwa mtu na kumwambia kwamba mtoto wake, au mume wake, amekufa.

Nilizaliwa Bulla Pesa, katika nyumba ya mabati iliyojengwa na babu. Babu alikuwa askari wa wakati wa mkoloni, na vita vilipokwisha akaachwa Isiolo pamoja na wenzake, mbali na walikotoka, wakaoa na kuzaa na kuzikwa hapa. Baba alikuwa na lori. Niliposema nataka kwenda jeshini, mama hakukasirika. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akauliza, "Babu yako alirudi na mguu mbovu. Wewe utarudi na nini?" Hakungoja nimjibu.

Jeshi halikunichukua kwa ushujaa. Lilipenda mwandiko wangu. Baada ya mafunzo nikapelekwa masijala, chumba kirefu chenye makabati ya chuma, walio hai juu na waliokufa chini, kwa sababu faili za chini hazifunguliwi mara nyingi na wakubwa hawapendi kuinama. Nikawa luteni. Siku moja mkuu wa kikosi akaniita akasema kuna askari amefariki nje ya nchi, na mama yake lazima aambiwe. "Wewe ni mwanamke," akasema. "Wanawake wanajua kulia na wenzao." Nilitaka kumwambia kwamba kwetu aliyekuwa akilia ni baba. Lakini jeshini jibu ni moja, nikalitoa, nikapiga saluti.

Mama huyo alikuwa anaishi milimani, upande wa Meru, kwenye shamba la mteremko. Tulimkuta anapiga maharagwe uani. Alifurahi kuona sare. Akanivutia kigoda, mimi nikabaki nimesimama kama mlingoti, bereti kichwani, nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu asubuhi: "Mama, hatuko naye tena."

Akafikiri kidogo. "Sasa mmempeleka wapi?" akaniuliza. "Ile kambi ya kwanza aliniandikia kwamba kuna baridi."

Ningeweza kusahihisha hapo hapo. Nikasema, "Ni mbali." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa maharagwe, akaufunga mafundo mawili, akaniomba nimpelekee. Nikaupokea. Niliubeba mpaka kwenye gari, nikakaa, dereva akanitazama, na mimi nikautazama mfuko. Halafu nikashuka, nikarudi nao uani, nikamwambia amekufa. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaona haya kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nimemwacha afunge yale mafundo.

Kesho yake asubuhi Sajenti Musyoka alikuja masijala. Alikuwa mtu wa Kitui, mfupi, karibu na kustaafu, na kwa miaka mingi alikuwa amepiga tarumbeta kwenye mazishi ya askari. Akasimama wima mbele ya meza yangu.

"Afande, naomba ruhusa kusema."

"Sema, Sajenti."

"Jana ulikosea."

Dereva alikuwa amemsimulia. Nilikuwa na cheo cha kumfukuza ofisini, lakini nilikuwa sijalala, kwa hiyo nikamwambia aketi. Hakuketi. Alinifundisha akiwa amesimama, kama mtu anayesoma ripoti, na tangu siku hiyo hatukwenda nyumba yoyote bila kwenda pamoja.

Gari lisiingie uani; liachwe barabarani, ili mtu akuone unakuja kwa miguu kama mgeni. Bereti ibaki kwenye kiti. Keti kabla ya kusema, maana anayeambiwa huketi akiona umeketi, na aliyeketi haanguki kutoka mbali. Kabla ya kwenda, waulize marafiki zake kwao nyumbani aliitwa nani, kwa sababu majina ya kwenye faili si majina ya mama. Useme amekufa, au amefariki, na usiseme ameumia, wala ametutoka, wala ameitwa. Ukishasema, nyamaza. Chai usinywe kabla. Kunywa baada, hata ikiwa imepoa. Usiondoke mpaka afike mtu mwingine wa kukaa naye.

Na wakati mimi nimekaa na wenye nyumba, Musyoka alikuwa anatafuta mitungi. Alikuwa akiuliza majirani kisima kiko wapi, kisha anaonekana anapanda kilima na maji, sare yake imelowa begani. Nilimuuliza kwa nini. "Watu watakuja wengi," akasema, "na hakuna atakayekumbuka maji." Nimeona makasisi na mashehe na makanali katika nyumba za msiba, na sikuona aliyesaidia kuliko yeye.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na hili ndilo nataka mlishike. Musyoka hakukubali kupeleka habari ambayo hatukuijua. Aliwasumbua maofisa, akapiga simu mahali ambapo hakuwa na ruhusa ya kupiga, mpaka apate mtu aliyekuwepo. "Mama atakuuliza mambo matatu," alisema. "Alikuwa na nani, alisema nini, aliumia kwa muda gani. Kama unajua, mwambie. Kama hujui, sema hujui. Usimtungie, Afande. Siku moja atakutana na aliyekuwepo."

Yale mapazia yalinisumbua miaka mingi. Mwishowe nikaanza kuzitembelea nyumba za askari bila sababu. Mwanzo ulikuwa mbaya. Mke wa koplo mmoja alianguka mlangoni kabla sijafungua mdomo, na mimi nilikuwa nimekuja kuazima sindano ya kushonea. Tulimpepea, akaamka, akanitukana vizuri sana, halafu akanipa sindano. Ilichukua karibu mwaka mzima. Nilikunywa chai kwenye nyumba zote za mstari ule, nikajua watoto kwa majina, nikajua nani anapika chapati ngumu. Nilipokuja na habari mbaya baada ya hapo, angalau nilikuwa mtu anayejulikana. Habari haikuwa nyepesi zaidi, lakini iliingia ikiwa imeshikwa na mkono wa jirani.

Musyoka alistaafu, akarudi Kitui, akafa kwa ugonjwa miaka michache baadaye. Mimi nilimaliza nikiwa meja, nikarudi Bulla Pesa kwenye nyumba ya babu. Nilikuwa na mpango wa kuuza vitambaa. Nilinunua hata rafu.

Sikupata kuzijaza. Mwaka ule kulikuwa na mapigano ya malisho, na siku moja vijana waliuawa kwa kosa ambalo halikuwa lao. Mtu alikufa asubuhi mahali fulani, kufikia adhuhuri habari ilikuwa na wauaji watatu tofauti, na jioni watu walienda kulipiza kwa yule ambaye jina lake lilikuwa rahisi kutamka. Nilikwenda kwenye baraza lililoitwa baadaye. Nikasimama kusema, na mzee mmoja akaniambia kwa adabu, "Mama, wanawake wanakaa upande ule." Nikaenda upande ule. Huko nikawakuta akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, ambao walijua kila kundi la mifugo lililala wapi usiku uliopita, nani amehama, nani amenunua risasi. Wanaume walizungumza mbele kwa saa nne. Mimi nilikuwa nimeshajua kila kitu katika saa ya kwanza, na nilikuwa nimekunywa maziwa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kazi yangu ilikuwa kufika kabla ya uvumi, kujua ni nani aliyekufa na amekufaje, na kumwambia mwenye msiba kabla hajaambiwa na kundi la watu. Niligundua kwamba kijana mwenye bunduki hungoja kitu kimoja tu, mama alie. Akilia bila kujua aliyeua, kijana humtafutia mmoja.

Kesi iliyokuwa ngumu kuliko zote niliipata Sericho, katika ukame uliofanya hata ngamia waanze kuanguka. Makabila ya waliohusika sitayataja. Ukitaja kabila hapa kwetu, nusu ya wanaosoma wanaacha kusikiliza na nusu nyingine wanaanza kutafuta makosa. Nimewapa watu hawa majina ambayo yako pande zote mbili.

Nilikuwa nimekwenda huko kwa siku tatu na dereva wetu Mwenda, kijana wa milimani ambaye kila tukishuka nyikani alihesabu siku za kurudi kwenye mvua. Tulikuwa na mkutano wa kupanga zamu za visima kati ya watu wa Sericho na majirani zao waliopiga kambi mashariki. Siku ya pili nilikuwa nimewatembelea hao majirani. Wanaume wao wengi walikuwa mbali na mifugo. Kambini nilikuta wazee, watoto, na mwanamke aliyekuwa amejifungua siku nne zilizopita, akanipa mtoto nimshike.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, nilikuwa nakunywa chai kwenye hoteli iliyo mbele ya duka kubwa. Boda boda ikaja kwa kasi. Nyuma alikuwa amekaa kijana wa miaka kama ishirini na miwili, kikoi chake kimejaa damu. Nilimfahamu, aliitwa Isaak. Ndugu yake mkubwa, Adan, alikuwa polisi wa akiba, mwenye bunduki ya serikali ya kulinda mifugo. Watu walimzunguka Isaak. Nilisikia sauti ikiuliza juu ya majirani wa mashariki, "Ni wao?" Jibu sikulisikia. Nilimwona ameinamisha kichwa.

Hiyo ilitosha. Kabla sijavuka barabara, watu watatu walikuwa kwenye simu.

Chifu alinikuta katikati ya njia. "Mama Meja, ni Adan. Ameuliwa kisimani, mwili uko huko bado. Mama yao anakaa nyuma ya msikiti, hajajua. Enda umwambie, wewe ndio unajua hii kazi."

"Sijaona kitu, Chifu. Siwezi kumwambia kitu sijui."

"Hawa vijana hawatangojea."

"Watangojea. Waambie hakuna mtu kutoka hapa kabla mama hajauona mwili wa mtoto wake. Hapo hawatakubishia."

Aliwatazama. Wengine walikuwa wameshakwenda nyumbani na kurudi, na hawakurudi mikono mitupu. "Nakupa mpaka saa saba," akasema.

Tulikwenda na Isaak na wazee wawili. Ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari. Kisimani tulimkuta mchungaji mmoja akiulinda mwili, ameufunika kwa shuka yake mwenyewe. Alituambia alikuwa mbali na ngamia aliposikia mlio wa bunduki. Nikamuuliza milio mingapi. Akasema mmoja.

Nikafunua shuka. Katika masijala nilikuwa nimesoma ripoti za madaktari kwa miaka mingi kuliko nilivyotaka. Shati la Adan lilikuwa limeungua kuzunguka tundu la risasi, na ngozi imeingia weusi wa baruti. Weusi huo hauji kutoka vichakani. Unakuja kutoka kwa bunduki iliyo karibu kiasi cha kuguswa. Bunduki yake mwenyewe ilikuwa chini kando ya birika la kunyweshea, mkanda wake umenasa kwenye kijiti cha kufungia kamba ya ndoo.

Nikainua macho. Wazee wote wawili walikuwa wameona. Wamebeba bunduki maisha yao yote, wanajua. Mmoja akageuka kutazama ngamia. Mwingine akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Isaak alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gari, ameegemea gurudumu. Nikaketi chini karibu naye. Tuliongea kwa lugha ya kwao, ambayo niliijua tangu utotoni Bulla Pesa.

"Ulikuwa umesimama wapi?" nikamuuliza.

Akaonyesha kwa kidevu, pale penye birika.

"Na Adan?"

"Alikuwa ameinama anavuta ndoo. Maji yalikuwa yanamwagika. Nilitaka kuondoa bunduki isilowe. Mkanda ukashika kwenye kijiti. Nikavuta."

"Akasema nini?"

"Aliita jina langu."

Mwenda alikuwa amesimama mbele ya gari akijifanya anakagua maji ya injini.

"Na kule dukani, Isaak?"

"Sikusema ni wao. Waliniuliza, nikainamisha kichwa. Nilikuwa sijui nitasema nini. Halafu wakaanza kukimbia, na mimi sikuweza tena." Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi katika joto lile. "Mwambie wewe, Mama Meja. Wewe umezoea. Mwambie, halafu unipeleke mbali, hata polisi, popote. Atanifukuza."

Nitawaambia ukweli, nilifikiria kukubali. Ingekuwa rahisi kwa wote. Ningewatangazia vijana, ningemwambia mama, ningempakia yule kijana garini kwenda Isiolo, na jioni watu wangesema Meja amezuia vita. Lakini nilimfikiria yule mama akiwa na nyumba ambayo asubuhi ilikuwa na wana wawili.

"Atakufukuza au hatakufukuza, mimi sijui," nikamwambia. "Kwamba Adan amekufa, hilo nitamwambia mimi. Lakini namna alivyokufa ni wewe unayejua. Nikimwambia mimi wewe ukiwa mbali, leo atakuwa amepoteza wawili. Ukimwambia wewe, itabidi akutazame. Nitakaa karibu nawe. Sitatoka."

Tulipoupakia mwili, alipanda nyuma bila kuambiwa, akakaa sakafuni, akakiweka kichwa cha ndugu yake mapajani ili kisigonge chuma. Alikishika hivyo njia nzima. Mwenda, ambaye kwa kawaida huendesha kama anayefukuzwa, alipita kila shimo polepole sana.

Tulifika saa sita na nusu. Vijana walikuwa wamejaa kando ya msikiti, pikapu mbili zinanguruma. Yule mzee aliyetazama ngamia akashuka, akasimama mbele ya pikapu ya kwanza, akawaambia neno moja tu, "Subirini." Hakueleza. Bado namheshimu kwa hilo.

Mama yao aliitwa Halima. Alikuwa muuzaji wa maziwa, na tulimkuta ndani anafukiza vyombo vyake kwa moshi, huku wanawake watatu wameketi naye bila kusema kitu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu kwa miaka, aliona karibu tu. Nilivua viatu, nikatoa salamu, nikaketi kwenye mkeka. Akaitambua sauti.

"Wewe ni yule mama anayeleta vifo," akasema.

"Ndiyo mimi."

Akaweka chini chombo alichokishika. "Ni yupi?"

Sijawahi kuulizwa hivyo, kabla wala baada. "Mama, ni Adan. Adan wako mkubwa amekufa leo asubuhi, kisimani."

Nikanyamaza. Wanawake wakaanza kulia. Halima hakulia. Alikuwa anapumua kwa mdomo, kama mtu aliyepanda kilima.

"Na Isaak?"

"Yuko mlangoni. Ni mzima. Ana jambo la kukuambia."

Isaak aliingia akitambaa kwa magoti kutoka mlangoni. Alimwambia yote, maji, mkanda, kijiti, kichwa alichokiinamisha dukani. Alisema haraka, sauti imekwaruza, na alipofika mwisho akarudia tena neno "nikavuta," kisha akaishiwa. Hakuna aliyekuwa akilia tena. Nje zilisikika zile injini.

Halima alimvuta kwa shati mpaka uso wake ukawa karibu na wake, akamwangalia hivyo, pua kwa pua.

"Alipokuita, alikuita kwa hasira?"

"Hapana, Mama. Aliniita kama anavyoniita nimshikie kamba."

Akaomba maji. Mmoja wa wanawake akampa kata, naye akaishika mikono ya Isaak, akaanza kuiosha, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko, kama anavyooshwa mtoto aliyechezea majivu. Damu ilikuwa imekauka, ikachukua muda. Hakuharakisha. Saa saba ilikuwa imeshapita.

Alipomaliza alinyosha mkono nimwinue. Tukatoka wote watatu. Vijana walinyamaza walipomwona, wakazima injini moja, halafu ya pili.

"Adan ameuawa na bunduki yake mwenyewe," akawaambia, "mkononi mwa ndugu yake, kwa bahati mbaya. Hakuna mtu wa nje katika jambo hili. Kama kuna mwenye kulipiza, mtoto wangu aliyebaki ni huyu hapa." Akangoja. Alingoja kwa muda mrefu sana, mkono wake juu ya bega la Isaak. "Kama hakuna, basi kaburi halijachimbwa na jua linakwenda."

Kijana aliyekuwa amesimama mbele kabisa aliegemeza bunduki yake ukutani, akauliza jembe liko wapi.

Mambo hayakuisha vizuri kama ninavyotaka mfikiri. Polisi walichukua maelezo, wakaandika ajali, na bunduki ikarudi serikalini. Kuna vijana wa rika la Isaak ambao hawakula naye kwa miezi mingi, na mjomba wake mmoja mpaka leo hamsemeshi. Siku hizi Isaak ndiye anayepeleka maziwa ya mama yake kwenye gari la Isiolo. Na mwaka uliofuata watu wa Sericho na majirani zao waligombana tena kwa kisima kingine, nikaenda tena, na safari hiyo sikufika mapema. Msije mkadhani kuna siku mtafunga ofisi kwa sababu kazi imekwisha.

Lakini siku ile chifu alituma mtu kwa majirani kabla uvumi haujafika, akawaambia kilichotokea. Walikuja kwa lori, wanaume wachache waliokuwepo, wengi wazee, wakafika wakati watu wanatoka kuswali alasiri. Wakashika majembe pamoja na wengine kumalizia.

Halima alikuwa ametoa agizo moja, kwamba atakayeshuka kaburini kumpokea Adan awe Isaak. Mjomba alikuja mpaka kwenye mlango wa Halima kupinga. "Itakuwaje mkono ule ule?" akauliza.

"Huo huo," Halima akasema, na hakuongeza kitu.

Wanawake hatukwenda makaburini. Mimi na yeye tulisimama kwenye ua wa miiba wa nyumba ya mwisho, na uwanda ulikuwa wazi mbele yetu, kwa hiyo mimi niliona. Niliona kofia nyeupe na vumbi, na kwa umbali ule sikuweza kutofautisha watu wa upande huu na wa upande ule. Niliona Isaak akishuka, kiuno, mabega, kichwa, kisha hakuonekana. Mwili ukateremshwa. Watu wakainama. Nilikuwa nimemshika Halima mkono, na sijui kwa hakika ni nani aliyekuwa akimzuia mwenzake asianguke.

"Ametoka?" akaniuliza.

"Bado."

Upepo ulileta sauti ya dua, kisha ukaiondoa. Alikaa huko chini muda mrefu. Watu waliokuwa ukingoni walikuwa wanamwambia kitu, sikusikia ni nini. Nilianza kuogopa kwamba hatataka kupanda.

"Meja. Ametoka?"

Mikono mitatu au minne ilinyoshwa pamoja kuelekea shimoni, na sikuona ni ya akina nani. Kichwa kikatokea, kisha mabega.

"Ametoka, Mama," nikamwambia. "Amesimama. Anapangusa mchanga magotini."